Manjano Kwenye Rejeta

Jumanne, 6 Agosti

Maji ya gari kwanza, ya chai baadaye. Ndivyo kila alfajiri. Ndoo kutoka kisimani, kata kwa kata mpaka rejeta icheue, kifuniko, basi. Leo imemaliza ndoo nzima na bado inaomba. Gari gani hili, lina kiu kuliko punda wa chokaa.

Jana lilimchemshia Rajabu tena kwenye mlima wa Pugu, nazi zangu zikiwa nyuma. Mwanangu karudi jua limeshazama, shati limelowa, hasira mpaka masikioni. Hata salamu sikupata. Alipokula ndipo akasema: "Mama, Jumamosi ya wiki ijayo namfuata mama mkubwa Kisarawe kwa ajili ya harusi. Likichemsha tena Pugu, nauza. Yupo mtu wa vyuma chakavu Keko, analitaka."

Kadi ya gari ina jina lake. Marehemu baba yake ndiye aliyelinunua hili pikapu na ndiye aliyemwandikisha. Mie sina haki ya karatasi. Nina mdomo tu, na mdomo ninao wa kutosha mtaa mzima. Nikamwambia ulinyonya kwangu, hukunyonya bandarini unakokwenda kuandikaandika. Akacheka kidogo. Lakini neno lake lipo palepale.

Sitaki liuzwe. Marehemu alikufa, gari halikufa. Kiti cha mbele bado kinanuka tumbaku yake. Alikuwa mbishi, na mimi mbishi, tuligombana mle ndani kuanzia Temeke mpaka Kisarawe, tukarudi tumepatana. Nani ananunua kitu kama hicho kwa kupima kilo?

Jumatano, 7 Agosti

Kisomo jioni. Mwalimu kasema tuandike kila siku mkono usije ukasahau. Haya, nimeandika.

Sukari hakuna duka la ushirika. Tumepanga foleni, tukapewa habari za foleni ya kesho.

Zuhura anaolewa Ijumaa ya tarehe 23. Zuhura ni binti wa Rajabu, mjukuu wangu, yaani mke mwenzangu. Kasema haolewi mpaka awepo somo wake, wa kumfunda, na somo wake ni dada yangu Mwanahawa. Mwanahawa alihamishiwa kijiji cha ujamaa, huko nyuma ya Kisarawe, basi halifiki. Gari hili ndilo linaijua ile njia. Rajabu naye anajua kuwa linaijua. Ndiyo maana kaipa safari hiyo iwe mtihani.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nimemwita Maganga. Ni fundi magari, gereji yake mtaa wa pili. Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wangu. Sie Wazaramo na wao ni watani tangu babu zao wateremke pwani na mizigo kichwani. Shikamoo anaitoa vizuri kabisa, amepiga na goti. Halafu ndipo anatukana.

Kafungua rejeta, kachovya kidole, karamba, katema. "Bibi, hii injini au mchuzi wa pweza?"

Kumbe kisima chetu kina chumvi. Sie midomo imeshazoea, chuma hakizoei. Miaka yote nailisha injini yangu chumvi mwenyewe, ndani kutu tupu, maji hayapiti vizuri, ndiyo maana mlimani linachemsha. Kasema tuache maji matupu. Ipo dawa ya rejeta, ya kijani, imeingia duka la vipuri Kariakoo. Unachanganya na maji ya mvua. Haichemki upesi na kutu haishiki.

Nikamwambia babu yako alikuja pwani kwa miguu, leo wewe unanifundisha gari? Akasema ndiyo, alikuja kwa miguu, akamkuta babu yangu kalala mchana, ngoma ya usiku imemchosha, akamruka kama gogo akaendelea na safari. Nimecheka mpaka kanga ikanifunguka.

Dawa nitanunua. Nazi zitalipa.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku ya aibu.

Maganga kafungulia maji ya zamani yatoke. Yametoka meusi. Yakaja ya kahawia. Kisha yakaja ya njano, njano ya sufuria ya biriani, yakatambaa uwanjani mpaka mlangoni kwa Bi Tatu jirani. Maganga kasimama mikono kiunoni. Ananitazama.

Ikabidi niseme. Marehemu alikuwa rejeta ikivuja anatia manjano ya unga. Unga unakwenda wenyewe kwenye tundu, unagandamana, unaziba. Alipofariki nikaendelea. Ikivuja, kijiko. Ikivuja tena, vijiko. Kopo la manjano la gari ni kubwa kuliko la jikoni.

"Hii si rejeta," kasema Maganga. "Hii ni bi harusi kapakwa singo."

Halafu likaja balaa. Kapitisha maji safi mpaka manjano yote yakaisha, na kila tundu aliloziba marehemu likafunguka. Maji yanachuruzika pande zote kama tui kwenye kung'uto. Rajabu kapita, katazama, kasema kwanza lilikuwa linachemsha, sasa halishiki hata maji ya kuchemsha. Kaenda zake anapiga mluzi.

Nilitaka kulia. Nikamtukana Maganga badala yake. Inasaidia. Kaing'oa rejeta, kaenda nayo begani kuziba matundu kwa risasi ya kuyeyusha. Nikamwambia beba, Mnyamwezi, ndiyo kazi yenu.

Jumapili, 11 Agosti

Gari limekaa uwanjani bila rejeta. Kama mtu kang'olewa meno ya mbele. Sijalitazama sana.

Jumanne, 13 Agosti

Rejeta imerudi. Viraka vya risasi vimetapakaa lakini kavu. Dawa nayo imetiwa. Kijani kama sharubati ya Idi, na inanukia utamu. Maji ni yale ya mvua ya masika, niliyoyatunza kwenye pipa kwa ajili ya nywele za Zuhura. Nusu dawa, nusu mvua. Zuhura kanuna kidogo, kisha kasema kama nywele zake zitapanda Pugu bila kuchemka na yeye anazitoa.

Maganga kanipa masharti matatu. La kwanza, dawa hii ni sumu, kuku wangu wasiionje. La pili, ikipungua nimwite yeye. Nisitie maji ya kisima wala manjano, yakikutana na dawa yataganda kama uji na rejeta itaziba. La tatu, gari likipanda mlima wanawake wasiimbe, dawa inaona haya.

Yote matatu kwa uso uleule mmoja, mkavu, kofia imemfika kwenye nyusi.

Mie si mtoto. Nikajua ananipiga utani kuanzia la kwanza mpaka la tatu. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unatafuta moshi kwanza.

Debe la dawa iliyobaki kaondoka nalo. Kasema kwangu si mahali pa kuacha kitu cha maana.

Jumatano, 14 Agosti

Asubuhi nimefungua kifuniko. Imejaa. Nimeifunga. Nimefungua tena. Imejaa. Jambo geni.

Ijumaa, 16 Agosti

Tone.

Moja tu, la kijani, chini ya mpira wa rejeta. Nimelipangusa likarudi. Maganga hayupo, kaenda msibani Mbagala. Kesho ndiyo Pugu.

Ningeweza kumngoja arudi jioni. Sikumngoja. Nimechukua kopo langu, nimetia vijiko vya kutosha, nikajazia maji ya kisima. Tone likakoma. Marehemu angefurahi. Zuhura kaniona, kasema bibi, fundi alikataza. Nikamwambia fundi kakataza na kuimba.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika, usingizi umekataa.

Tumeondoka asubuhi. Mie na Rajabu mbele, wanawake wa mtaa nyuma kwenye bodi, kanga sare, Bi Tatu na tari lake. Wameimba kuanzia Chang'ombe. Ukonga salama. Gongo la Mboto salama. Mshale wa joto umelala katikati kama mtu aliyeshiba. Rajabu kaanza kuitikia nyimbo za wanawake. Nikajisemea, mama yangu, tumeshinda.

Mlima ulipoanza mshale ukaamka. Kidogo. Kisha zaidi. Rajabu kaacha kuimba. Mie nikaanza kusoma kila aya ninayoijua, zilipokwisha nikazirudia. Wanawake nyuma hawajui kitu, tari linalia. Kabla ya kileleni boneti ikatoa moshi mweupe, pande zote mbili, shiiii. Rajabu kavuta gari pembeni.

Kangoja lipoe. Kashika kifuniko kwa kitambaa, kafungua. Kimetoka uji. Uji kweli, mzito, kijani na njano, mabonge mabonge. Tari likanyamaza. Bi Tatu kasema kwa sauti ndogo, "Tuliimba." Wote wakatazama chini. Kumbe lile sharti Maganga kalitangaza mtaa mzima.

Rajabu kachovya kidole, kanusa. Manjano. Kanitazama. Kakirudisha kifuniko taratibu. Afadhali angenitukana, kutukanwa nakujua.

Tumefika kwa Mwanahawa alasiri, tunamwagia maji njia nzima na wanawake wanasukuma. Mwanahawa kasimama mlangoni, kautazama ule moshi. "Nilidhani mnaniletea gari, kumbe mmeniletea jiko." Hakuna aliyecheka ila yeye.

Kurudi ni mteremko, tumeteremka. Tulipofika nyumbani Rajabu kasema neno moja. "Jumatatu."

Jumapili, 18 Agosti

Kosa langu. Si la gari, si la dawa, si la fundi. Langu. Nimemwambia Rajabu hivyohivyo, baada ya chakula, mbele ya Mwanahawa.

Kasema, "Najua, mama. Lakini nimechoka."

Hilo ndilo lililoniuma. Anaamka kabla ya adhana, anapakia nazi, anakwenda bandarini, anarudi, analala chini ya gari na tochi mdomoni. Mie nimepigania kiti cha marehemu, sijawahi kumwuliza aliye hai kama amechoka. Nimemwambia samahani. Hajazoea kuisikia kwangu. Kachanganyikiwa, katoka nje.

Mwanahawa kajitanda baibui, kasema anakwenda kunyoosha miguu. Temeke hamjui mtu. Lakini kashika njia ya gereji, na kabla ya kutoka kamwuliza Zuhura yule Mnyamwezi anakaa wapi.

Jumatatu, 19 Agosti

Mnunuzi wa vyuma kaja na lori na kamba. Kakuta gari lina mtu.

Maganga. Katandika mkeka nyuma kwenye bodi, kalala chali, kofia kaishusha mpaka puani, kuti la mnazi kalifunga kwenye kioo. Rajabu kamwita. Kamwita tena. Ndipo akajibu bila kufunua uso:

"Nimelikamata. Hili sasa ni la mtani."

"Maganga, shuka. Leo sina utani."

"Utani hauombi ruhusa, bwana mdogo. Ungeomba ruhusa ungeitwa adabu."

Rajabu kawa mwekundu, na mtoto wangu si mweupe. Lakini anaijua mila. Kitu kikikamatwa na mtani hakiuzwi wala hakigawiwi mpaka kikombolewe, na kikombozi anakitaja mtani. Siku ya kumzika baba yake watani walikaa kaburini wakagoma kutoka, na ni Rajabu mwenyewe aliyewakomboa. Kaenda kumwita balozi wa nyumba kumi. Balozi kaja, kasikiliza pande zote, kauliza kikombozi ni nini, kisha kavuta kiti akae vizuri asikie.

Mnunuzi wa vyuma ni mtu wa Songea. Kasema na kwao wapo watani, na yeye hagusi kitu cha watani, ana watoto wanaomtegemea. Kazungusha kamba yake kaondoka, anacheka mpaka barabarani.

Nilishatazama jogoo gani nimchinje. Maganga kakaa kitako, kafungua kuti. Jogoo hataki. Kasema miaka yote Wazaramo mnatucheka kuwa tulibeba mizigo. Basi bibi abebe. Sanduku lake la spana, kichwani, kutoka hapa mpaka gereji, mchana kweupe. Hapo gari litakuwa limekombolewa, na atalitengeneza.

Mwanahawa kapiga kigelegele kabla sijajibu. Nikajua shauri lilitoka wapi.

Jumanne, 20 Agosti

Nimebeba.

Sanduku ni zito kama dhambi. Nimesuka ngata ya kanga, wamenitwisha, nikaanza. Maganga mbele mikono mitupu, na fimbo, anatembea kama mwenye msafara, anapaza sauti: "Songa, pagazi! Pwani bado mbali!" Mwanahawa nyuma na tari la Bi Tatu. Mtaa mzima nje. Muuza kahawa kaacha birika linamwagika. Nimewajibu wote kwa mdomo, shingo sikuigeuza. Nimemwambia Maganga babu yako alikuwa na shingo, sasa naamini, akili ndiyo hakuwa nayo.

Karibu na gereji ngata ikateleza. Sanduku likayumba. Mara upande mmoja ukawa mwepesi. Mkono umelishika. Rajabu. Nilidhani yuko bandarini.

Maganga kapiga kelele, hairuhusiwi, anayebeba ni bibi peke yake! Rajabu kamjibu, "Na mie Mzaramo. Na mie nabeba." Kavaa shati la kazini, kola nyeupe, na kutu ya sanduku imemshuka mpaka kifuani.

Tumelifikisha wawili. Maganga kaishusha fimbo yake. Kisha kasema gari limekombolewa.

Shingo inauma. Nina furaha mpaka naona haya kuiandika.

Alhamisi, 22 Agosti

Maganga kamaliza. Ameing'oa rejeta, ameisafisha, amepitisha maji mengi yakarudi meupe, katia ile dawa iliyobaki kwenye debe na maji yangu ya mvua ya mwisho. Lile tone la Ijumaa lilitaka kukazwa skrubu ya mpira tu. Kakaza mbele yangu. Mkono haukuzunguka hata nusu.

Nimemwuliza nitajuaje siku nyingine kama anasema kweli. Kafikiri. Kasema, mtani, nikivua kofia ni kweli.

Kavua kofia. Ana upara, sikujua. Kasema usitie manjano, usitie maji ya kisima, ikipungua niite, na ni sumu, chunga kuku. Nikamwambia nimesikia. Nikamwuliza, na kuimba je?

Kaivaa kofia. "Msiimbe."

Ijumaa, 23 Agosti

Mke mwenzangu kaolewa. Ndoa imefungwa baada ya sala. Sukari haikupatikana, watu wamekunywa chai kwa tende na hakuna aliyekufa. Mwanahawa kamfunda mpaka mie nimejifunza mapya. Jioni Rajabu kampeleka binti yake Kinondoni kwa pikapu letu, maua kwenye boneti. Njia tambarare, haihesabiki.

Nimelia. Nimecheza. Nimelia tena.

Jumapili, 25 Agosti

Tumemrudisha Mwanahawa. Watatu tu, tumebanana mbele.

Pugu ilipoanza Rajabu kabadili gia. Mshale katikati. Rajabu anautazama, mie namtazama Rajabu. Mwanahawa katutazama wote wawili, kacheka, kaanza kuimba. Wimbo mrefu. Hatukumzuia. Mshale katikati. Tumemaliza mlima yeye bado hajamaliza wimbo.

Juu Rajabu kasimamisha gari, na hakukuwa na sababu ya kusimama. Kateremka. Kaweka kiganja juu ya boneti, kakiacha hapo, kama mtu anayempima mtoto homa. Karudi kakaa, kawasha.

Tukiwa njiani kurudi, Ukonga hivi, kasema vifutio vya kioo vimechakaa, atamwambia Maganga atafute vingine kabla ya vuli.

Mtu anayeuza gari hasumbuki na vifutio.

Jumatatu, 26 Agosti

Kimya nyumbani. Kitanda cha Zuhura kitupu. Rajabu nimemwacha alale, nazi zitangoja.

Alfajiri nimekwenda kisimani kama kawaida. Nimeteka ndoo, nimefika kwenye gari, nimeshika kifuniko. Ndipo nikakumbuka.

Nimesimama na ndoo yangu kidogo. Nimemwagia mchicha. Mchicha haujali chumvi.

Kisha nikabandika chai.